Picha Haina Saa

Likizo inapokaribia, watu wengi wa Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza na Kampala huchagua safari kwa kidole, wakipitisha picha moja baada ya nyingine kwenye simu. Hii ni Paje, maji ya buluu yamefika mpaka kwenye minazi. Huu ni Mto Mara, nyumbu wanajitosa kwa mamia. Huyu ni kijana wa rika lao, kasimama chini ya bango la Kilele cha Uhuru, Mlima Kilimanjaro, na jua linachomoza. Basi watu wanajichanga, wengine kwa fedha za kikoba, wengine kwa kujinyima miezi mingi, kisha wanafunga safari. Wanafika Paje, bahari imekwenda zake. Wanafika Serengeti, nyumbu hawapo. Wanakaa Moshi siku mbili na mlima haujajitokeza. Wanarudi nyumbani wakisema wametapeliwa.

Wapo wanaotapeliwa kweli, na nitawafikia. Lakini mara nyingi picha ile haikusema uongo. Maji yalikuwepo, nyumbu walivuka, mlima ulionekana. Kilichokosekana kwenye picha ni wakati. Haikuonyesha ilipigwa saa ngapi, mwezi gani, mwaka gani, wala mpigaji alisubiri na kusafiri kwa muda gani mpaka akaipata. Ndugu msomaji, ukijizoeza kuiuliza picha maswali hayo kabla ya kulipa, utajiepusha na sehemu kubwa ya masikitiko ya safari. Ninaliandika hili kwa uzito kwa sababu fedha ya likizo katika familia zetu hupatikana kwa jasho, na kwa sababu mahali tunapopazungumzia ni pazuri mno kuachwa kwa hasira.

Bahari ina ratiba yake

Tuanze na Unguja, maana ndiko wengi huanzia. Bahari ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache, na nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti ya juu na chini huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Fukwe za mashariki, kama Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, zimekingwa na mwamba wa matumbawe, na baina ya mwamba na ufukwe bahari ni tambarare yenye kina kifupi. Siku ya bamvua maji yakitoka pale, yametoka. Unaweza kutembea mamia ya mita ukikanyaga mchanga, majani na vidimbwi kabla hujalowa magoti. Tena kuna jambo ambalo kila mvuvi analijua na matangazo hayalitaji: Unguja, siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Saa 4 asubuhi ndiyo saa ambayo mgeni amemaliza chai na anatoka chumbani na taulo begani.

Fikiria sasa sikukuu. Idi el-Fitri huja mwezi ukiandama, kwa hiyo anayekwenda pwani ya mashariki kwa Idi hukutana na bamvua kila mwaka. Akijua hivyo, hana sababu ya kununa. Asubuhi atatembea au atakwenda mjini, alasiri ataogelea maji yakiwa yamejaa pomoni. Asiyejua atapoteza asubuhi akiilaumu hoteli, na maji yatakaporudi yeye yuko garini.

Maji hayohayo yanayomnyima mmoja humpa mwingine. Nakupenda, fungu la mchanga mweupe mbele ya Mji Mkongwe, huonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Asubuhi ya bamvua ndiyo saa yake. Mgahawa ulio juu ya mwamba pale Michamvi Pingwe, ambao picha zake zimeenea dunia nzima, huwa kisiwa maji yakijaa na wageni huvushwa kwa mashua. Maji yakipwa wateja huufikia kwa miguu. Kama umeupenda kwa sababu ya bahari kuuzunguka, weka nafasi kwa kufuata maji, usifuate njaa. Na kama shida yako ni kuogelea tu saa yoyote, nenda Nungwi au Kendwa upande wa kaskazini magharibi, ambako maji hayaendi mbali. Ujue tu kwamba huko watu ni wengi zaidi, na jua utaliona likizama, si likichomoza. Anayekwenda Paje akitarajia picha ya jua likizama baharini ameelekea upande usio wake.

Majedwali ya kujaa na kupwa yanapatikana bure mtandaoni kwa miezi mingi mbele. Yatazame kabla hujakata tiketi. Ukishafika, muulize mwenyeji. Kuuliza si ujinga.

Lakini usiitazame bahari iliyopwa kama kasoro. Ndiyo saa ya kazi ya wanawake wa Paje na Jambiani, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamekuwa wakilima mwani katika maji hayo, wakifunga miche kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti. Wengine wanatafuta pweza miambani. Nenda utazame, uliza, nunua sabuni ya mwani. Usimwelekezee mtu kamera akiwa ameinama kazini bila kumsalimu na kumwomba ruhusa. Yule mama hakuja pale kuwa pambo la picha yako.

Mwezi gani, mwaka gani

Baada ya saa, uliza mwezi. Masika hunyesha toka Machi hadi Mei, na pwani hunyesha kwelikweli. Hoteli kadhaa za Unguja hufunga Aprili na Mei, na zilizobaki hushusha bei. Pasaka ya wengi wetu huwa kati ya Machi 22 na Aprili 25, ndani ya masika, ndiyo maana ofa za Pasaka hupendeza macho. Ofa hiyo inaweza kukufaa ukipenda utulivu, chumba kizuri kwa bei nafuu na mvua za kupisha. Haikufai kama umepania kupiga picha za jua siku zote tatu.

Upepo nao una zamu. Kusi huvuma katikati ya mwaka, na Juni hadi Agosti bahari huchafuka. Boti ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, safari ya kama saa 2, huweza kuwatapisha hata wenye kujiamini. Kula kidogo, kaa katikati ya boti, meza dawa mapema. Kaskazi huja kuanzia Desemba, na joto lake ni kali. Wanaoteleza juu ya maji kwa tiara pale Paje huzitaka nyakati hizo za upepo; mwenye watoto wadogo anataka utulivu. Ufuo ni mmoja, na picha nzuri ya mmoja ni usumbufu wa mwingine.

Na picha huficha hata mwaka. Picha za Kilimanjaro ukiwa umejaa theluji hadi mabegani bado zinauza safari. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mlimani mwaka 1912 imetoweka. Weupe utauona, hasa baada ya mvua, lakini usiujengee matumaini ya picha ya enzi za babu zetu.

Mlima wenyewe hujificha nyuma ya mawingu mchana. Aliyeko Moshi na autazame alfajiri au jioni, na kama amepewa siku moja tu asiapishane na mtu kwamba atauona. Ile picha ya tembo wakipita chini ya mlima, kwa taarifa ya wanaoitafuta Moshi, aghalabu hupigwa Amboseli, Kenya, kwa lenzi ndefu inayouvuta mlima ulio umbali wa makumi ya kilomita ukaonekana uko nyuma ya mkia wa tembo.

Nyumbu hawajasaini mkataba

Hakuna picha inayowavunja watu moyo kama ya nyumbu wakivuka Mto Mara. Makundi makubwa ya nyumbu huzunguka Serengeti na Maasai Mara mwaka mzima wakifuata mvua na majani. Kuanzia Januari hadi Machi wako kusini, upande wa Ndutu, wakizaa. Februari ndiyo kilele, na nyanda hujaa ndama wanaosimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Kati ya Julai na Oktoba wako kaskazini, upande wa Kogatende na ng'ambo ya mpaka. Anayekwenda Seronera, katikati ya hifadhi, mwezi wa Desemba akitaka kuona wanavuka mto amefuata picha bila kalenda.

Hata ukiufuata mwezi sahihi, bado hujanunua tukio. Kundi huweza kusimama ukingoni tangu asubuhi, likasogea, likasita, likageuka na kurudi malishoni. Dereva mwenye heshima ya kazi yake hatakuahidi kuvuka. Ukiahidiwa, tia shaka. Unachoweza kununua ni muda. Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, siku nzima barabarani ukipitia Ngorongoro, na kufika Kogatende ni safari nyingine tena. Pakeji ya usiku mmoja itakuonyesha vumbi, simba kama Mungu akijalia, na geti la kutokea. Kibali cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo uliza utaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Kama fedha haitoshi kwa usiku tatu Serengeti, ushauri wangu ni uende Tarangire au Ziwa Manyara, karibu na Arusha, ukakae kwa nafasi, kuliko kuikimbiza Serengeti.

Kiu ya picha ina madhara pia. Julai 2025 ilienea video ya watalii walioshuka magarini na kujazana ukingoni mwa Mto Mara ndani ya Serengeti, nyumbu wakizuiwa njia yao. Watu waliudhika, na walikuwa na haki. Lakini presha ya namna hiyo mara nyingi huanzia kwa mteja: "Sogea kidogo, dereva, bado sijapata." Usiseme neno hilo. Dereva akikuambia tumefika mwisho, tumefika mwisho. Vivyo hivyo kwa nahodha wa boti wa Kizimkazi, Unguja: usimhimize kuwafukuzia pomboo ili kamera yako ishibe.

Jambo jingine dogo linalowaumiza wengi ni nguo. Picha za Ngorongoro huonyesha jua na nyasi za dhahabu, nazo hupigwa chini kwenye sakafu ya kreta. Wewe utalala ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi meno yatagongana. Beba sweta zito hata kama safari yako imeanzia kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa.

Usiku ulio nyuma ya tabasamu

Turudi kwa kijana wa Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tabasamu lake limetanguliwa na usiku mzima. Wengi huondoka kambi ya mwisho, Barafu au Kibo, mnamo saa 6 usiku, wakipanda gizani kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Kileleni hewa ya oksijeni ni kama nusu ya ile ya pwani. Kichwa hugonga, chakula hakishuki, na mwenye nguvu za mazoezi anaweza kurudi njiani wakati mama wa makamo aliyetembea polepole anafika.

Ukitaka kupanda, nunua siku. Njia ya Marangu huuzwa hata kwa siku 5. Ongeza siku moja ya kuuzoesha mwili urefu, na Machame uichukue kwa siku 7. Siku hiyo ya ziada ndiyo inayobeba watu wengi hadi juu. Mwambie mwongozaji ukweli unapoumwa, maana ugonjwa wa mwinuko unaua, na dawa yake kubwa ni kushuka. Usisahau pia kwamba nyuma ya kamera wapo wapagazi waliobeba hema, gesi na chakula chako. Muulize wakala wanalipwa kiasi gani kwa siku. Bei ya chini kupita kiasi kuna mtu anayeilipia, na mara nyingi ni yule mwenye mzigo kichwani.

Hesabu saa, usihesabu siku

Tangazo likisema "Zanzibar, siku 3, usiku 2", chukua karatasi. Siku ya kwanza unaamka, unakwenda bandarini, unavuka, unateremka bandari ya Malindi, Unguja, unasubiri gari, na kutoka mjini hadi Nungwi au Paje ni saa nzima au zaidi. Umefika mchana. Siku ya tatu unatoka chumbani asubuhi ili uwahi boti. Katika siku 3 ulizolipia, ya kwako kamili ni moja. Ukiweka ndani yake Mji Mkongwe, Nakupenda, shamba la viungo, msitu wa Jozani na Mnemba, umejiandalia safari ya kukaa garini. Chagua mawili. Kama Mnemba ni mojawapo, fahamu kwamba kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi. Wageni wa boti huishia kuogelea kwenye matumbawe, na asubuhi za msimu boti hujazana.

Halafu uliza nani alilipa. Wengi wa wanaotuonyesha vyumba vyenye bwawa mlangoni walialikwa bure, au walilipwa, na si ajabu: ni kazi yao. Lakini bei waliyoipata si utakayoipata wewe. "Kuanzia laki tatu" mara nyingi ni bei ya kila mmoja kwa watu wawili wanaolala chumba kimoja, msimu wa mvua. Ukienda peke yako inapanda. Omba mchanganuo kwa maandishi: je, boti imo? Gari kutoka bandarini? Viingilio? Chakula cha mchana? Vinywaji? Tozo za kila usiku zinazolipwa hotelini? Asiyetaka kuandika hayo, usimtumie fedha.

Matapeli wenyewe huishi kwenye pengo hilohilo la picha na ukweli. Huchukua picha za hoteli halisi, hufungua ukurasa mpya, hupunguza bei, kisha hukuambia nafasi zimebaki mbili, tuma nusu sasa hivi. Ipigie hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama inamjua wakala huyo. Dai leseni: Tanzania Bara ni TALA, leseni ya biashara ya utalii, Zanzibar uliza Kamisheni ya Utalii, Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Lipa kwa Lipa Namba, Paybill au akaunti iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Namba binafsi ya mtu usiyemjua ni mlango wa kutokea, na fedha ikishapita hairudi.

Kuhusu picha zenyewe, macho yako yanahitaji mazoezi kidogo tu. Lenzi pana hugeuza kidimbwi kuwa bwawa. Droni huonyesha ufukwe ambao mtu aliyesimama hauoni. Kule Bali, Indonesia, watu hupanga foleni kwa saa nyingi mbele ya lango la hekalu la Lempuyang kwa ajili ya picha ya lango linalojiakisi ziwani, na ziwa halipo: mpiga picha anaweka kioo chini ya simu. Kwa hiyo zitazame picha zilizopigwa na wageni wa kawaida kwenye ramani ya Google, anza na za karibuni, tafuta za mwezi uleule unaotaka kwenda. Mwombe mtu wa mapokezi akupigie video fupi ya ufukwe leo saa 4 asubuhi. Hoteli isiyo na cha kuficha itakutumia.

Nenda na shabaha yako

Yote haya yana msingi mmoja. Kabla ya kuchagua mahali, kaa na unaosafiri nao mseme mnataka nini: usingizi, watoto wajue kuogelea, mzee aone bahari kabla hajachoka, wawili waliooana wapate kuzungumza. Karibu kila shabaha ya namna hiyo inatimizwa hata bahari ikipwa na mlima ukijifunika. Safari ambayo shabaha yake pekee ni kuirudia picha ya mtu mwingine inaharibiwa na wingu moja. Acha nusu siku bila ratiba, ndiyo itakayobeba mvua, gari lililochelewa, au mwaliko wa mwenyeji ambao haukuwa kwenye pakeji.

Na kwa kuwa sisi sote sasa tunatuma picha, kila mmoja wetu ana sehemu yake katika kulirekebisha jambo hili. Ukiposti Paje, andika: Agosti, saa 10 alasiri, maji yamejaa, asubuhi yalikuwa yamepwa. Ukiposti kilele, andika ulitembea saa ngapi na nani alikubebea mzigo. Andika ulilipa shilingi ngapi, na kama ulialikwa bure, sema. Maneno hayo machache hayatapunguza uzuri wa picha, na yatamwokolea fedha mama fulani ambaye anaweka akiba yake wiki hii ili mwakani awapeleke wanawe kuiona bahari.